Magoti ya Shangazi Salme

Mwaka 1997, mjukuu wake Barke alipoposwa, shangazi yangu Salme hakuuliza ukoo wa bwana wala kazi yake. Aliuliza harusi ni lini. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa vugo Mjambere nzima, yaani hutangulia wanawake wa harusi njiani akigonga pembe la nyati na kuanzisha nyimbo, na aliapa kumtangulia Barke mpaka mlangoni kwa mumewe. Lakini magoti yalikuwa yamevimba, na mwili, alhamdulillahi, ulikuwa umejaa mlango. Kutoka chumbani hadi uani alipumzika mara mbili.

Nikampeleka zahanati kwa Selpher, muuguzi asiyecheka ovyo.

"Mama, unakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja, mwanangu. Wallahi, nala mtana tu."

Nami nikaitikia kwa kichwa, maana kwetu chakula ni wali wa mchana. Mahamri ya asubuhi, halua na kahawa alasiri, kaimati kwa jirani, hizo ni heshima za watu, nani huzihesabu? Selpher alizihesabu. Kalamu ikakimbia mpaka nyuma ya karatasi.

Kisha akatueleza jambo ambalo wataalamu walikuwa wamelitambua miaka michache tu nyuma. Mafuta ya mwilini, alisema, si mzigo uliolala. Hutia homoni kwenye damu. Moja huenda kwenye ubongo kuuambia shibe inatosha. Mafuta yakizidi, homoni hiyo huzidi pia, na ubongo huacha kuisikia, kama watoto wanaopigiwa kelele na mama yao kutwa. Nyingine huuchochea mwili uwake chini kwa chini, kana kwamba una kidonda, na magoti yaliyochoka kubeba huzidi kuuma.

Shangazi alijishika tumbo. "Kumbe humu mna baraza zima, na lanisengenya mimi!"

Selpher akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Akasema hahitaji kuwa mwembamba. Akipungua kidogo tu na kutembea kila siku, baraza litapunguza maneno.

Sasa tatizo likawa majirani. Utaikataaje halua ya mtu mbele ya uso wake? Shangazi hakuikataa hata mara moja. Aliipokea, akashukuru, akaifunga kwenye pembe ya leso, akaniletea mimi. Kwa miezi mitano alitembea, kwanza hadi kisimani, kisha msikitini, kisha barabara kuu, nami nikamngoja barazani nikila heshima zake zote. Nilijiona mpwa mwema sana.

Siku ya harusi nilibeba kigoda nyuma yake, endapo magoti yangemsaliti. Aligonga pembe, wanawake wakaitikia, vigelegele vikapasuka. Bado alikuwa mnene, lakini alikwenda! Alipita duka la Idarus, akapita kisima, na kila nilipomsogezea kigoda alikipiga teke kwa madaha. Nililia kwa furaha huku nikihema.

Mlangoni kwa bwana harusi aligeuka kunitafuta, akicheka, pembe juu. Hakuniona karibu. Nilikuwa nyuma kabisa, kandokando ya njia, nimekikalia kigoda, nikijikanda magoti.

"Ewe!" akaita mbele ya watu wote. "Kesho twenda kwa Selpher!"

"Abee, shangazi," nikajibu, na pumzi ikaniishia hapo.