Wembamba wa Mama Kwenye Picha

Mdogo wangu aliniambia anataka kuwa mwembamba kama mama, Jumamosi moja, nikiwa nimeinama nachagua magauni kutoka kwenye robota la mitumba. Alisema kwa furaha, kama mtu anayesema anataka kuwa mwalimu. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono kiunoni, akiitazama picha iliyotundikwa juu ya kabati la vyombo.

"Siz, angalia ile shingo. Na hii mifupa ya hapa mabegani. Wasichana wa darasa letu wanasema mama yetu angekuwa modo."

"Mm," nilisema.

Ndilo jibu nililompa kwa miaka yote kila alipoitaja picha ile.

Mimi ni kifungua mimba. Mama alipofariki, mwaka mmoja baada ya baba, nilikuwa darasa la nane na huyu alikuwa bado ananyonya. Niliacha shule. Kaka wawili walio kati yetu wameshashika njia zao: mmoja ana pikipiki ya abiria Amagoro, mwingine anajenga nyumba za watu ng'ambo, Uganda. Huyu wa mwisho ndiye niliyebaki naye katika vyumba viwili hapa Busia, na ndiye aliyefika kidato cha tatu.

Picha yenyewe ilipigwa nyumbani kwetu Busibwabo, miezi michache kabla ya mazishi. Siku hizo mtu akikonda, mtaa mzima ulikuwa na maelezo. Watu walikusalimu huku wakiangalia mikono yako. Mama alivaa sketi tatu, moja juu ya nyingine, na sweta mbili chini ya gauni, akaenda sokoni hivyo kwenye jua kali ili aonekane bado yupo. Lakini shingo haivalishwi sketi. Mpiga picha alipopita na baiskeli yake, mama alimwita mwenyewe, akamwambia ampige uso na mabega tu. Alijua kwa nini anaitaka.

Kwa mazishi tuliikuza studio. Mwenye studio aliondoa vivuli chini ya macho na mikunjo kando ya mdomo. Alifanya kwa huruma. Matokeo yake ni kwamba mtu asiyejua anaona mwanamke mwenye shingo ndefu, mashavu yaliyochongoka na macho makubwa. Anaona urembo. Mdogo wangu hakujua, kwa sababu sikumwambia. Alipokuwa mtoto niliona ni mapema. Alipokua niliona nimechelewa.

Baada ya Jumamosi hiyo nilianza kuchunguza. Nilitaka kujua wembamba ulihama lini, ukatoka kwenye minong'ono ya majirani ukafika kwenye maombi ya wasichana.

Nilianzia kazini. Nauza magauni sokoni, na kibanda changu kimepakana na cha fundi mmoja, mama mtu mzima aliyeolewa upande huu kutoka Uganda. Ninachouza mimi kikiwa kikubwa, yeye anakipunguza. Nilianza kusikiliza maneno ambayo zamani yalikuwa yananipita.

"Nyabo, hili halinibani," mteja mmoja wa kutoka ng'ambo alilalamika, akinirudishia gauni.

"Halikubani ndiyo vizuri, mama. Utapumua."

"Nani amekuambia nataka kupumua? Nataka kuonekana."

Fundi alicheka hadi akasimamisha cherehani. Mteja alipoondoka nilimuuliza kama ilikuwa hivyo tangu zamani.

"Zamani?" alisema. "Zamani nilikuwa naambiwa, mama, niachie kidogo hapa kwa pindo, nitanenepa. Kila mtu alikuwa na mpango wa kunenepa! Siku hizi ni punguza, punguza. Nikipunguza zaidi ya hapa nitawashona pamoja na nyama."

Cha ajabu ni kwamba fundi huyo huyo anashona gomesi, lile vazi refu la mabega yaliyosimama ambalo wanawake wa pande zote mbili za mpaka huvaa harusini na matangani. Gomesi inataka mwili. Asiye na nyonga hufungwa kitambaa kizito ndani ili vazi likae. Kwa hiyo katika kibanda kimoja, kwenye cherehani moja, asubuhi nyonga zinaongezwa na mchana viuno vinakatwa. Wakati mwingine ni mwili uleule, wa mtu aliyealikwa harusi asubuhi na sherehe ya marafiki jioni.

Kila Jumatano napeleka nguo Malaba, na chakula cha mchana nakula katika hoteli moja karibu na foleni ya malori. Kuna televisheni ukutani, na saa hiyo huonyeshwa tamthilia ya nchi za mbali iliyotiwa sauti za watu wengine. Bibi harusi wa humo analia wiki ya tatu sasa.

"Huyo akila chapati moja itaonekana," dereva mmoja alisema.

"Boss, maliza yako kwanza," mhudumu akamjibu. "Hiyo ni ya nne."

Tulicheka sote, lakini hakuna aliyeondoa macho kwenye kile kiuno. Hata mimi. Kilipokuja kipindi cha matangazo, alitokea mama anayewakaangia watoto wake chapati kwa mafuta ya kupikia, naye alikuwa mwembamba kama mwiko. Nilishangaa ni nani anayeyala hayo mafuta.

Nyumbani nilichukua vitabu vitatu vya hadithi ambavyo mdogo wangu alikuwa ameviazima shuleni. Niliacha shule lakini kusoma sikuacha, nasoma polepole, na penseli mkononi. Mara hii nilitia alama kila mahali mwili wa mtu ulipoelezwa. Msichana mwema alikuwa na kiuno cha nyigu katika vyote vitatu. Mtu mwenye mali za dhuluma alikuwa na kitambi katika vyote vitatu, na kitambi kilimtangulia kuingia chumbani. Maskini alikuwa mwembamba pia, lakini wake haukuitwa wembamba. Uliitwa mifupa mitupu. Nilirudi nyuma nikalinganisha kurasa. Kwa macho ya mtu anayeuza nguo, huyu mwenye kiuno cha nyigu na yule mwenye mifupa mitupu wangeweza kuvaa gauni moja. Tofauti ilikuwa ni nani aliyependwa na mwandishi.

Nilimwonyesha mdogo wangu alama zangu. Aliangalia kwa hamu, akasema, "Siz, ungekuwa mwalimu," kisha akasukuma sahani yake kando. Alikuwa amekula vijiko viwili.

Haukupita mwezi akaanguka kwenye paredi ya asubuhi, shuleni. Walimrudisha nyumbani kwa wiki moja ili apelekwe hospitali. Walimpima malaria, hana. Walimpima damu, ikawa imepungua. Muuguzi alimuuliza, "Unakula nini?"

"Nakula kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Muuguzi akanigeukia mimi. "Mama, huyu hana ugonjwa. Ana njaa. Na si njaa ya kukosa."

Tulirudi nyumbani. Alasiri, labda kwa kutaka kunifurahisha, alinisimamisha karibu na dirisha akanipiga picha kwa simu. "Ngoja nikupunguze," alisema, akaanza kuvuta kwa kidole. Mimi ni mnene, sijawahi kuona tatizo lake. Alivuta na kuvuta huku akicheka, kisha akanigeuzia simu.

"Ona! Umetoka mrembo!"

Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Taya lilikuwa limetokeza. Aliyenitazama kutoka ndani ya simu alikuwa mama, na si mama wa juu ya kabati aliyesafishwa na studio. Alikuwa mama wa wiki ya mwisho, kitandani, niliyemgeuza kwa mkono mmoja ili nimbadilishie shuka.

"Ifute," nilisema.

"Lakini ni ya kucheza tu..."

"Futa hiyo picha."

Alifuta. Aliniangalia kama mtu aliyepigwa.

Kesho yake nilibeba sketi yake ya shule, iliyokuwa ikimzunguka kiunoni, nikaenda nayo kwa fundi. Nilimpa kipimo nilichokuwa nimekichukua. Alikisoma mara mbili.

"Hiki ni kiuno cha mtoto wa darasa la nne."

Ndipo nilipomweleza yote, picha, shingo, kuanguka. Alisikiliza huku mguu umelala juu ya kanyagio la cherehani. Nilipomaliza aliniambia, "Mama yako mimi nilimpima."

Tumekaa jirani miaka tisa. Hakuwahi kumtaja mama, nami sikuwahi kumuuliza. Watu waliokufa wamekonda hawatajwi sokoni, ni adabu tuliyojiwekea bila kuambiana. Aliinama chini ya meza akatoa madaftari ya vipimo yaliyofungwa pamoja kwa kipande cha kitenge. Hatupi hata moja, kwa sababu wateja hurudi baada ya miaka. Hakuandika majina, aliandika alama zake mwenyewe. Alifungua la tatu au la nne, akapitisha kidole, akasimama kwenye mstari ulioandikwa: *Busibwabo, kwaya, gomesi ya kijani.*

Kifua arobaini na mbili. Kiuno thelathini na nane. Nyonga arobaini na nane.

"Huyu sikumfunga kitambaa ndani," fundi alisema. "Gomesi ilikaa yenyewe. Alijigeuza hapo ulipokaa, akaniambia, fundi, kioo chako ni kidogo."

Ilikuwa miaka mingi tangu niisikie sauti ya mama. Nguo zake ziligawanywa baada ya matanga, kila shangazi akachukua yake, na gomesi hiyo sikuwahi kujua ilikwenda wapi. Nilinakili tarakimu zile nyuma ya mkono wangu, fundi akanipa na futi yake ya kupimia, nikafunga kibanda mapema.

Nilimkuta mdogo wangu amelala mkekani na kitabu. Niliteremsha picha kutoka ukutani nikaiweka kati yetu. Nilimwambia ilipigwa lini. Nilimwambia kuhusu sketi tatu na sweta mbili, na jina la ugonjwa, na kwamba mama alichelewa kwenda hospitali kwa kuogopa kuonwa kwenye foleni, hata alipokwenda dawa zilimkuta hana nguvu za kuzibeba.

Alichouliza kwanza sicho nilichokitarajia.

"Na mimi?"

"Ulipimwa ukiwa mtoto. Mara mbili. Huna."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha hasira ikaja. "Miaka yote nimesimama hapa nasema ni mrembo. Na wewe unasema mm. Mm! Ulikuwa unanicheka?"

"Sikuwa nakucheka. Nilikuwa sitaki kukunyang'anya. Ulikuwa na huyo mmoja tu."

Nilimpa futi na kumsomea vipimo vya mama kutoka mkononi mwangu. Alisimama, akaizungusha futi nyongani mwake, akashika alama ya arobaini na nane. Ilimlegea. Aliivuta mbele kwa kidole gumba mpaka ikakaza mgongoni, akaangalia chini kwenye ile nafasi iliyobaki kati ya futi na mwili wake.

"Hapa kote kulikuwa mama?"

"Hapo kote."

Jioni hiyo hakula. Alikunywa chai akageukia ukuta, nami nikafikiri nimeharibu kila kitu, nimemvunjia mama mmoja bila kumpa mwingine, maana tarakimu tatu si mtu.

Asubuhi nilikuwa jikoni na sufuria ya viazi vitamu vilivyochemka. Alikuja akakaa kwenye kigoda, bado kajifunga shuka. Niliweka sahani chini kati yetu, sikumkaribisha.

"Alikuwa anatembeaje?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba mama alitembea kwa sauti. Malapa yake yalipiga chini pa, pa, pa, nasi tukiwa tunacheza tusipopaswa kucheza tulimsikia kabla hajafika kwenye kona, tukatawanyika. Nilimwambia kwamba katika kwaya alisimama mwisho wa mstari kwa sababu alipumua kwa nguvu kabla ya kila ubeti na kuwasukuma wenzake. Kwamba baba alikuwa mwembamba, na mama alimwita wembe, na baba akajibu kwamba wembe ndio unaojua kazi.

Mdogo wangu alicheka. Mkono wake ulishuka kwenye sahani ukachukua kiazi. Nilijitahidi nisiutazame.

"Halafu?"

Nikamwambia alivyokuwa akilala mchana, mdomo wazi, na kuku wakipita juu ya miguu yake. Alivyokataa kukalia viti vya plastiki tangu kimoja kimvunjikie kwenye harusi Angurai, na jinsi alivyoinuka pale chini akaendelea kushangilia bibi harusi. Kiazi cha pili kilikwenda. Alikuwa anamenya kwa meno bila kuangalia, macho yake yapo kwangu. Nikagundua kwamba nikinyamaza atakumbuka mkono wake una nini.

Shida ni kwamba vitu vilikuwa vinaniishia. Nilikuwa msichana mdogo, sikujua nitakuja kuhitaji kukumbuka, na kwa miaka mingi nilichokitunza vizuri ni zile wiki za mwisho. Kubuni sikutaka. Uongo wa ukutani ulitosha.

"Halafu?" aliuliza tena, kinywa kimejaa.

Vilibaki viazi viwili. Nilitafuta, nikafika mahali ambapo sikuwa nimefika tangu utotoni, mto umejaa na mimi nimebebwa mgongoni, mgongo mpana kiasi kwamba mikono yangu haikuweza kuuzunguka, na nilishika gauni pande zote mbili.

"Kulikuwa na siku tulivuka mto," nilianza.