Mama Kopo Apigiwa Makofi na Pande Zote

Watu walimwita Mama Kopo kwa sababu ya kopo la bati alilopimia maziwa. Hakuwa na mkono wa birika: akishalijaza aliongeza tone juu yake, akisema ni la paka, hata kama nyumba haina paka. Ng'ombe alikuwa nao wawili. Malisho hakuwa nayo. Tangu mumewe afariki, alikata nyasi kwenye uwanda wa shemeji yake, kaka wa marehemu, ulioanzia barabarani ukateremka hadi mtoni. Hapakuwa na makubaliano yoyote. Alikata tu, na shemeji akipita alisema, "Kata, shemeji, kabla mchwa hawajakutangulia."

Sasa uwanda huo ulitakiwa na kampuni ya umeme wa jua, pamoja na mashamba yote yaliyopakana nao. Ardhi ingefunikwa paneli na kuzungushiwa waya. Kila mwenye shamba alitakiwa akodishe au akatae, na kijiji kilikuwa kimepasuka kama kibuyu.

Mama Kopo hakupasuka na yeyote. Muuza maziwa hagombani mlangoni kwa mtu. Ukisimama kubishana nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho watapokea mtindi. Kwa hiyo alikuwa na jibu moja la kila mlango.

"Vile vioo vitatuchoma, Mama Kopo," mshonaji alimwambia, sindano ikiwa kati ya meno. "Na ardhi ikishafungwa waya, mpaka wajukuu wetu wazeeke hatutaikanyaga tena."

"Kweli kabisa, dada."

"Uko nasi, basi?"

"Niko, niko. Lete sufuria."

Akavuka njia. Upande wa pili alikaa fundi wa redio, Fundi Waya, ambaye alipata taarifa zake zote kwenye simu.

"Wale wanaogopa kivuli chao wenyewe," Fundi Waya alisema. "Umeme utakuja, vijana watapata kazi. Tena mifugo inachungwa palepale chini ya paneli. Nimeona kondoo kwa macho yangu."

"Kweli kabisa. Na ng'ombe je?"

Fundi Waya akakuna kidevu. "Ng'ombe... labda wale wafupi."

Mama Kopo aliondoka akiwaza. Ng'ombe wake mmoja alikuwa mrefu kama mlango. Je, fundi alikuwa anatania? Na kama kondoo wanachungwa, mbona mshonaji anasema hapatakanyagika? Kila nyumba aliyotoka, ndoo ilikuwa nyepesi zaidi na kichwa kizito zaidi.

Wa kumuuliza alikuwa shemeji, lakini alimwogopa. Si kwamba shemeji alikuwa mkali. Mtu anayetumia cha kuazima haulizi sana, asije akamkumbusha mwenyewe kwamba si chake. Siku alipojikaza akamuuliza, shemeji alitazama mawingu akajibu, "Tutasikia mkutanoni."

Nyumbani, binti yake alikuwa akisugua ndoo. "Lakini wewe mwenyewe unataka nini, mama?"

"Nataka watu wapatane."

"Hilo si jibu. Njia mbili zilimshinda fisi."

"Fisi hana wateja," alisema Mama Kopo, na maneno yakaishia hapo.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule, wazee kwa vijana wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Bwana wa kampuni alionyesha picha. Watu wakazomea, wengine wakawazomea wazomeaji. Mwishowe mwenyekiti aligonga meza, akasema akina mama hawajasikika, kila upande utoe mmoja azungumze.

"Mama Kopo!" alipaza sauti mshonaji.

"Mama Kopo!" alipaza sauti Fundi Waya wakati uleule.

Darasa lilicheka.

"Ni wetu huyo! Ameniambia mwenyewe yuko nasi!"

"Wenu tangu lini? Kila asubuhi yuko mlangoni kwangu ananiunga mkono!"

Mama Kopo alisimama. "Mwenyekiti, hilo la joto ni kweli." Nusu ya darasa ikapiga makofi. "Na hilo la kazi za vijana nalo ni kweli." Ikapiga nusu nyingine. "Na waya... na umeme pia..."

"Shika moja, mama!"

"Ndumilakuwili!"

Alimtafuta shemeji kwa macho. Alikuwa nyuma karibu na mlango, kofia mkononi, akimtazama kama mgonjwa anayemtazama daktari. Mama Kopo akageukia meza ya mwenyekiti. "Mimi sijui," alisema, akakaa. Alikalia mkoba wa mtu.

Kesho yake mshonaji hakutoa sufuria. Fundi Waya alichukua nusu kopo, hata salamu hakuna. Mama Kopo alichukua mundu akaenda zake malishoni, na kabla hajafika alisikia nyundo. Vijana wa kampuni walikuwa wakipigilia vigingi katikati ya uwanda, shemeji amesimama kando.

"Umekubali, shemeji?"

"Nusu."

"Nusu vipi?"

"Wanangu wanataka, mama yao hataki. Nikasema moyoni, anayeutegemea uwanda huu ni wewe, nitafuata lako. Ukasema ndiyo na hapana. Basi nimegawa."

"Jamani! Na mimi nilikuwa nangoja lako!"

"Sasa mbona hukuniambia?"

Alitaka kulia, kikamjia kicheko. Akameza vyote viwili. "Yangu ni ipi?"

"Chagua. Kamba bado haijafungwa."

"Huku chini mtoni," alisema upesi. Huko nyasi zilifika kiunoni. Shemeji akawapungia vijana mkono, wakafunga kamba, naye Mama Kopo akakata mzigo mkubwa kuliko wa siku zote. Hakujua kama ameporwa au ameokolewa. Shemeji alimtwika, akaenda zake.

Alipofika kwenye kamba ndipo akili ilipomjia: barabara ilikuwa upande ule mwingine, wa kampuni. Kijana mmoja aliiinua kamba ili apite.

"Na waya ukishakuja, nitapita wapi?"

"Mimi napigilia tu, mama. Muulize mhandisi."

"Mhandisi yuko wapi?"

"Hayupo."

Mama Kopo aliinama apite. Nusu ya mzigo ilikuwa imekwisha kuvuka. Kisha akarudi kinyumenyume, akautua palepale chini ya kamba, akaukalia.

"Mwite," alisema. "Nataka njia. Siondoki mpaka mniachie njia."

Kijana aliwatazama wenzake. Nyundo zilinyamaza. Mama Kopo hakujua kama sasa yuko na mshonaji au na Fundi Waya, wala kama ng'ombe watakula kwa wakati. Alikaza kanga kiunoni akajiweka vizuri juu ya nyasi, na kijana akatoa simu mfukoni.