Soli Haijui Siasa

Redio ikianza kutabiri nani atakuwa rais, fundi viatu huizima. Yeye hukigeuza kiatu cha mteja juu chini, akakipitishia kidole gumba kilichoganda gundi. Wapiga debe wa vyama vyote huleta viatu kwake, na maneno yao huyaacha yapite. "Kinywa hudanganya," husema, sindano ikiwa kati ya meno, "soli haijui siasa." Soli iliyolika ni nyumba mia zilizopigwa hodi, soli nzima ni mtu aliyekaa garini akipunga mkono. Chaguzi mbili amepatia hivyo hivyo, na majirani sasa humwita Tume ya Uchaguzi.

Leo binti yake, sauti imemkauka kwa kumnadi mgombea wake, ameleta viatu vipakwe rangi tu. Mzee anavigeuza. Kidole kinakwenda, kinarudi.

"Mwanangu, mmeshashindwa."

"Baba! Jana uwanja ulifurika, watu wakapanda hadi juu ya kuta!"

"Hao wamewafuata nyinyi. Nyinyi mmemfuata nani?"

Binti ananyoosha mkono achukue viatu vyake aondoke. Mzee hampi. Anachagua mpira mnene kuliko yote, ule aliojiwekea kwa viatu vyake mwenyewe, anaubandika chini ya soli zile nzima na kuugongomea misumari pembeni. Kisha anapiga magoti, anamvalisha na kumfunga kamba, kama zamani za shule.

"Zimebaki siku kumi na mbili," anasema. "Usivilete hapa mpaka vitoboke."