Mstari Unaoshuka

Kikaoni tuliambiwa kwamba wagonjwa wanaopata tatizo la ghafla la figo wamepungua. Mkuu wetu alionyesha mchoro ukutani, mstari unashuka, watu wakapiga makofi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume, na rejista iliyozaa mchoro ule naiandika mimi. Nilikaa nikiwa nimeuma meno.

Mstari ulishuka kwa sababu vitendanishi vya kupimia figo viliisha maabara, tukakaa miezi bila kumpima mtu. Asiyepimwa haandikwi. Lakini wakulima wa nyanya wa Mlali waliendelea kuletwa, nyuso zimevimba, mkojo umekata. Wanashinda juani wakinywesha nyanya na wenyewe hawanywi. Mgongo ukiuma wanameza diklopa, dawa ya maumivu inayoumiza figo, asubuhi na jioni, na muuza dawa hawaulizi kitu.

Mmoja wao alikuwa mjomba wangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa shida, kisha akaniambia ana siku tatu hajakojoa. Alipofariki, rejista ilitaka jina la ugonjwa. Niliandika malaria, kama tulivyozoea kujaza tukikosa kipimo, ingawa kipimo cha malaria kilikuwa kimeonyesha hana.

Pale kikaoni mwenzangu alinigusa kiwiko, akaninong'oneza nisinune, kazi yetu inasifiwa. Nikapiga makofi kwa mikono hii hii.