Blanketi la Kijivu na Mashine Iliyoruka Mishono

Saa nane na dakika ishirini za mchana, siku ya Alhamisi, mashine iliruka mshono wa kwanza. Saa naijua kwa sababu nina desturi ya kutazama simu ninapoanza kazi, nijue itanichukua muda gani. Niliipa muda wa saa sita.

Mama mmoja wa korali yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mjane ambaye alitoka Bukavu kama nilivyotoka mimi, alikuwa amepata safari. Jumatano iliyofuata basi lingempeleka uwanja wa ndege wa Lilongwe, na kutoka hapo angekwenda kuishi nchi ya baridi ambayo hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuiona. Kwetu, mtu wa korali akipata safari, kila mama hukata kipande cha kitenge chake, si kipya, ni kile alichokivaa kanisani, na vipande huungwa kuwa shuka moja. Safari hii mjane aliongeza jambo. Alileta blanketi la kijivu, lile la kugawiwa, limechakaa katikati.

"Papa fundi," aliniambia, "kule batanipa blanketi ya mupya, najua. Lakini hii njo ilifunikaka mume wangu mpaka siku ya mwisho. Uiweke ndani, katikati ya bitenge. Kama batu ba kule baiona vile iko, bataitupa mu pubeli."

Blanketi lililochakaa haliwezi kushikwa kwa mistari iliyonyooka peke yake. Linataka mshono unaozunguka pande zote, la sivyo hujikusanya pembeni likifuliwa mara ya kwanza, na kule hakungekuwa na fundi wa kulirudia. Wamama wa korali wakasema kama ni kuzunguka, basi nizunguke maua. Nikafunika meno ya mashine yanayovuta kitambaa, nikatoa mguu unaokikandamiza, kama afanyavyo kila fundi wa broderi, kazi ya kutarizi, aliyejifunzia Bukavu, nikaanza kukanyaga huku nikisukuma kitambaa kwa mikono miwili.

Mishono saba mizuri. Kisha uzi ukalala juu ya kitambaa bila kushika kitu. Mishono mitano, ukalala tena. Petali ya kwanza ilionekana kama imetafunwa.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Mashine nimejifunza kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, na kitabu kile kinasema uanze na kilicho rahisi, ubadilishe kitu kimoja tu, ujaribu, ndipo uende kwa kingine. Nilipitisha uzi upya. Ikaruka. Nilifungua bamba la chini, nikatoa vumbi la blanketi, nikatia mafuta. Ikaruka. Nililegeza uzi wa juu. Ikaruka, na chini ikatengeneza mafundo. Niliweka sindano mpya iliyo nene zaidi, ikaruka kidogo kuliko mwanzo, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwa sababu tatizo linalopungua bila kwisha hukufanya uamini uko njiani kufika.

Jirani yangu, fundi wa kibanda cha pili, naye wa Bukavu, alikuja na chai yake mkononi.

"Grand, ile sindano ni ya feki. Na uzi nayo ni ya feki."

"Jana nimeshona nayo suruali tatu."

"Basi njo imechoka. Suruali tatu!"

Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua maharage. "Papa, mashine inakusikiaka vile unaitukana. Hata mi nisingeshona."

Ijumaa niliomba ruhusa ya kutoka kambini, nikafungua kichwa cha mashine kutoka mezani, nikakifunga kwenye gunia na kukipakata ndani ya minibasi hadi Lilongwe. Katika soko la Tsoka nilinunua sindano za bei kubwa na uzi wa bei kubwa. Kisha nikaenda mtaa wa Area 23, kwa fundi wa mashine, Mmalawi mmoja mpole anayefanya kazi barazani. Nilimweleza kwa Chichewa changu cha kukatakata kwamba ndoano ya chini haikutani na sindano kwa wakati wake. Alinisikiliza, akalegeza, akasogeza, akakaza. Akachomeka mguu wa kukandamiza, akakunja kipande cha jinzi mara nne, akashona mstari. Haikuruka hata mshono mmoja. Alinionyesha pande zote mbili kwa fahari. Nikasema zikomo, asante yao, nikalipa, nikarudi na gunia langu mapajani.

Nyumbani nikatoa mguu, nikaweka blanketi na vitenge vyake, nikakanyaga. Ikaruka.

Niliilaumu barabara. Niliamini kwamba mashimo yote tangu Lilongwe yalikuwa yametikisa kila alichokikaza yule fundi. Jumamosi yote nilirudia marekebisho yake, kitabu wazi kando yangu. Jirani alisema nikae mwenyewe kwenye kitambaa, labda kingetulia. Saa kumi mjane akapita.

"Inaendelea, papa fundi?"

"Inaendelea."

Aligeuza kona ya shuka, akapitisha ukucha chini ya uzi uliolala, ukainuka wote kama uzi wa buibui. Aliweka kona chini polepole na kwenda zake, na mimi nilitamani angenitukana.

Jumatatu asubuhi niliacha kukanyaga. Nilishika gurudumu kwa mkono, nikalizungusha taratibu, jicho langu likiwa usawa wa kitambaa. Sindano ikashuka. Sindano ikaanza kupanda, na kitambaa chote, vitenge na blanketi, kikapanda pamoja nayo, kama mtu aliyeshikwa shati. Nikazungusha tena, safari hii nikikandamiza kando ya sindano kwa mpini wa kijiko. Mshono ukakaa. Nikaondoa kijiko, ukaruka. Nikarudisha, ukakaa.

Sindano inapoanza kupanda, uzi hulegea karibu na tundu lake na kufanya kitanzi kidogo, na ndoano ya chini hukidaka. Kitambaa kikipanda na sindano, uzi haulegei, kitanzi hakipo, ndoano inapita patupu. Bukavu hatukuhitaji mguu kwa sababu broderi tulifanya kwenye kitambaa chepesi kilichobanwa ndani ya duara la mbao, kimekazwa kama ngoma. Duara ndilo lililokuwa mguu wetu. Hakuna duara linalobana blanketi lenye vitenge juu na chini. Nilikuwa nimetoa mguu kwa mazoea tu, na kwa mazoea hayohayo jirani yangu aliangalia siku nne bila kuona kasoro.

"Ah," alisema nilipomwonyesha. "Hata mi ningetoa."

"Najua. Njo maana hukunisaidia."

Jumanne alfajiri nilirudi Tsoka kutafuta mguu wa springi, ule unaoruka na sindano na kukandamiza kitambaa pale tu inapopanda. Niliupata kibanda cha nne. Kufikia saa tano nilikuwa mezani, na kabla ya jua kuzama nilikuwa nimefumua mishono mibovu na kumaliza, ingawa maua ya pembeni hayana majani.

Asubuhi ya basi mjane alivuta mshono kwa kucha, mbele na nyuma, akavuta tena kwa nguvu. Haukuinuka. Alitafuta kwa kiganja mahali palipochakaa katikati, akapapasa. Kondakta alipomwambia aliweke shuka chini na mizigo mingine, alimjibu, "Hii itakaa na mi," akapanda nalo mikononi.

Mke wangu alinisubiri tuwe peke yetu.

"Korali ililipa ngapi?"

"Elfu arobaini."

"Na we ulitosha ngapi mu mufuko yako?"

Nilimjumlishia nauli za safari mbili, sindano, uzi, fundi wa Area 23 na mguu wa springi. Elfu hamsini na tano na mia tano. Akafanya hesabu ya kutoa mwenyewe, kwa sauti, polepole, ili nisikie vizuri. Hasara: kwacha elfu kumi na tano na mia tano.