Sababu ya Kwenda Aru

Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, katika kibanda changu cha kutengeneza redio na simu hapa Bunia, kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kifaransa. Nilikwenda sura kwa sura. Iliyonichelewesha kuliko zote ni ile ya kueleza kusudi. Nilikuwa nasema "for to buy", nikifuata "pour acheter" ya Kifaransa. Kitabu kilikataa. Neno dogo "to" linatosha, likifuatwa na kitenzi: "I go to the market to buy salt." Sisi tungesema naenda sokoni kununua chumvi, au ili ninunue chumvi. Mwingereza akitaka kukaza anasema "in order to", lakini kazi ni ile ile: umetoka, na umesema kwa nini umetoka.

Nikajiwekea zoezi. Kila nilipotoka nyumbani, mtaa wa Ngezi, nilitunga moyoni sentensi ya mwendo huo na kusudi lake. Natoka ili nichote maji. Nasimamisha moto, pikipiki ya abiria, ili inipeleke mjini. Sentensi zilikuwa sahihi, ila sikuwahi kuisema hata moja kwa sauti, kwa sababu kwetu kusudi halisemwi.

Muulize mtu wa Bunia njiani:

— Weye unaenda wapi?

— Hapa tu.

— Kufanya nini?

— Kutembea.

Anaweza kuwa amebeba godoro kichwani, bado atakuambia anatembea. Tulizoea hivyo miaka ya vita, kwenye vizuizi vya barabarani, na hatujaacha. Mtu mmoja wa mtaa wetu aliyetangaza kwamba anahamia Uganda alirudi akakuta wengine wamejenga katika kiwanja chake. Mimi nina kiwanja alichoniachia baba, na nyumba ya matofali mabichi juu yake.

Mke wangu yuko Aru, mji wa mpakani na Uganda, tangu mama yake apooze. Barabara ya kule inafunguka kidogo, kisha vita vinaifunga tena. Yeye hawezi kumwacha mama, nami bila kazi siwezi kuishi kule. Ndipo akanitafutia nafasi kwa wakala wa forodha aliyehitaji mtu wa kuongea Kiingereza na madereva wa malori ya Uganda. Sikuona njia nyingine ya sisi kulala tena chini ya paa moja. Wakala alisema atanijaribu kwa simu.

Mtandao kwetu unashika katika kona moja tu ya ua, karibu na jiko la mama jirani. Simu ilipolia, alikuwa hapo anachambua maharage. Kiingereza hajui, lakini jina la Aru angelitambua.

Wakala aliniuliza habari za mizigo, uzito, karatasi. Nilijibu vizuri. Kisha akauliza kwa nini nataka kwenda Aru. Jibu nilikuwa nalo, limepangika tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamwangalia mama jirani, na mdomo wangu ukajibu, kwa Kiingereza safi, kwamba nataka kutembea kidogo tu.

Wakala akasema anatafuta mtu wa kukaa. Akanishukuru, akakata.

— Nani huyo, papa? mama jirani akauliza.

— Mutu wa redio.

— Kizungu yote ile juu ya redio moja!

Alicheka mpaka maharage yakamwagika.

Jioni mke wangu akapiga. Wakala alikuwa amekwisha kumwambia.

— Hata yeye unamuficha? Weye kweli mutu wa Bunia.

Alicheka kidogo, kisha akaacha.

— Atakupigia tena kesho, nimemuomba. Lakini uniambie kwanza miye. Unataka kuja ao hautaki?

Mama jirani alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, anapuliza makaa. Nikamjibu mke wangu kwa Kiingereza, polepole, bila kutaja jina la mji, kwamba nataka kuja kuishi naye.

— Siko nasikia. Sema na Kiswahili.

— Nitakuandikia.

— Hapana. Mesaji nimechoka nazo. Sema, nisikie.

Mama jirani aliacha kupuliza. Nikasema mtandao ni mubaya. Nikabaki nimeishikilia simu sikioni, na upande wa pili nilimsikia mke wangu vizuri kabisa, akipumua, akingoja.