Damu ya Kitoto Ndani ya Fundi wa Breki

Nazneen amepima damu za watu wa Nakuru kwa miaka ishirini na sita. Baba yake aliuza spea za magari, akataka binti yake akae kaunta. Nazneen akakataa, akaenda kusomea kazi ya maabara. Hata leo anakula chakula cha mchana akiwa amesimama kando ya darubini.

Mwezi wa tatu mwaka jana walikuja mume na mke kutoka Lanet. Mtoto wao Lynn, wa miezi kumi na moja, alikuwa amepimwa kliniki akapatikana na selimundu, ugonjwa unaokunja chembe za damu hadi zinaziba mishipa. Mama yake, Immaculate, alishamzika kaka yake mwenyewe kwa ugonjwa huohuo. Alikaa tu, ameinamia mtoto. Daktari alitaka wazazi nao wapimwe.

Baba, Makhanu, ni fundi wa breki za malori kule Mai Mahiu, pande la mtu, miaka thelathini na tisa, hajawahi kulazwa hata siku moja.

Immaculate alikutwa amebeba jeni moja tu ya selimundu, kama ilivyotarajiwa. Majibu ya Makhanu yalipotoka, Nazneen alidhani amechanganya chupa. Akarudia. Akamwita atolewe damu nyingine, akarudia tena. Yakawa yaleyale: Makhanu mwenyewe alikuwa na selimundu, amerithi kwa mama na kwa baba.

"Madam, hiyo mashine imeharibika," Makhanu alisema akicheka. "Jana tu nimebeba giaboksi peke yangu."

"Haijaharibika. Keti, boss." Nazneen akamvutia kiti. "Karibu theluthi moja ya damu yako ni ya aina ile ya mtoto aliye tumboni."

Akawaeleza. Mtoto akiwa tumboni, kila chembe yake ina jeni zilezile. Kinachofanya moja iwe moyo, nyingine mfupa, nyingine damu, ni protini zinazojishika kwenye jeni, zinawasha hii na kuzima ile. Moja inaitwa BCL11A. Mtoto akishazaliwa, hiyo inazima hemoglobini ya tumboni ili ya ukubwani ichukue nafasi. Ile ya kitoto ndiyo inayozuia chembe zisijikunje. Ikiisha, selimundu inaanza kuuma.

"Kwako nadhani hiyo protini imekosa pa kujishika," alisema. "Ya kitoto haijawahi kuzimwa vizuri."

Immaculate aliinua kichwa. "Na Lynn?"

"Sijui, mama. Amerithi hitilafu hiyo ya baba au amekosa, ni nusu kwa nusu. Kwa umri wake kila mtoto bado ana hemoglobini ya kitoto kidogo, kwa hivyo lazima tusome jeni zenyewe."

Sampuli zilipelekwa Nairobi. Kwa wiki saba Immaculate alipiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa Nazneen alimjibu kwamba bado, kisha akakosa hamu ya kula.

Majibu yalifika Jumanne saa nne asubuhi. Kwa baba, herufi moja ya jeni ilikuwa imebadilika palepale BCL11A inapojishika. Kwa Lynn, herufi ileile.

Nazneen alipiga simu kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. "Immaculate! Anayo! Mtoto anayo!" Vigelegele vikatoka kwenye simu. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja kupimwa malaria akapiga makofi bila kujua ni ya nini.

Lynn sasa ana miaka miwili. Bado anahudhuria kliniki na kupata chanjo zake, maana daktari hataki kubahatisha, lakini hajapatwa na maumivu ya selimundu hata mara moja.

Mwezi uliopita Nazneen, ambaye hata harusini hukaa nyuma kabisa, alisimama mbele ya wataalamu arobaini wa maabara mjini. Aliwaambia kwamba siku hizi wanasayansi wanaipunguza protini ya BCL11A makusudi ili kutibu wagonjwa, na kwamba kuna mtu aliyezaliwa akiwa tayari ameepuka mkono wa protini hiyo. Kisha akamwonyesha Makhanu, aliyekaa mbele kwa suti yake ya Jumapili. Watu walipanga foleni kumsalimia. Nazneen alikuwa amepewa dakika kumi. Aliongea arobaini, na hakuna aliyemkatiza.